Mwaka wa Kuku wa Festo

Walipokuja kumzika mume wangu, watu wa kijijini kwao walileta kuku. Walishuka kwenye basi hapa Mbeya wamechoka, akina mama wamejitanda khanga mabegani, wakayaweka matenga chini ya dirisha la chumba nilimokuwa nimekalishwa juu ya godoro, nami kabla sijasikia kilio chao nikasikia kuku. Nikacheka. Dada yangu akanifinya paja, akidhani uchungu umenipanda kichwani. Kisha akaingia Mama Tuli, jirani yetu wa zamani kule, bibi kizee sasa, meno ya mbele yote yamekwenda, akapiga magoti kunisalimu kama wafanyavyo watu wa kwao, "Kamwene, mwanangu, kamwene," akanishika mikono, akalia kwanza inavyopasa. Alipomaliza aliniambia kwa fahari, "Tumemletea kuku zake. Kuku za Festo. Zingine tungeona aibu kuleta." Jioni nilitoka kwenda kuwatazama. Walikuwa kuku wa kila rangi, weusi, wekundu, wa madoadoa, mmoja kishingo asiye na manyoya shingoni, kuku wa kienyeji kama walioko katika kila ua wa nchi hii, na hakuna hata mmoja aliyefanana na wale ambao mume wangu aliwahi kuwafuga. Niliambiwa kwamba kule kijijini siku hizi kuku yeyote anayepona mdondo, ule ugonjwa unaomaliza mabanda, huitwa kuku wa Festo. Jina ndilo lililobaki.

Watu wakiandika maisha yao huanza na babu. Mimi babu namwacha apumzike alipo. Naandika mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, kwa sababu tangu mazishi watu wanamsifu mume wangu kwa jambo ambalo halikutokea, kwamba alizalisha kuku wasiouawa na mdondo. Kaka yake alilisema kaburini, mchungaji akalirudia, na vijana waliokuwa hawajazaliwa wakati ule wakatikisa vichwa. Nilihisi uchovu mkubwa. Sikuwa na nguvu ya kubishana na kaburi.

Mimi nilitongozwa kwa kuku. Nilikuwa nimetoka kwetu Mbeya, nakaa Mafinga kwa mama mdogo, nikimsaidia katika mgahawa wake karibu na viwanda vya mbao, nikiwa na umri ambao msichana huona kila mwanamume anayeongea taratibu ni mwenye akili. Festo alikuwa akija kuchukua maranda ya mbao kwa ajili ya kutandikia vifaranga. Aliyashindilia kwenye magunia, akayaegesha ukutani, akaagiza ugali na maharage, akaanza kuongea. Wanaume wengine waliokula pale waliniambia nina macho mazuri. Yeye aliniambia kuwa kuku wa kizungu hutaga kama mashine lakini hajui kuatamia, ukimpa mayai anayakalia kidogo kisha anaondoka kama mtu aliyekumbuka safari. Kwamba wa kwetu anaatamia hadi achakae lakini mayai yake ni ya kuhesabu, na baridi ya Juni ikiingia anafunga kabisa. Na kwamba wote wawili, mzungu na Mhehe, mdondo ukipita wanakufa vilevile. Halafu akasogeza sahani, akaegemea mbele. "Mimi nimepata wa katikati," akasema. "Mdondo ulipita mwaka jana, kijiji kizima kililia. Wangu walibaki." Aliyasema kwa sauti ya chini, kama anayekuambia jina la mtoto wake. Nadhani nilimkubali palepale, maharage yakiwa bado mdomoni mwake.

Alikuwa amesomea mifugo, amekuwa bwana mifugo wa kata kwa miaka kadhaa, kisha akapunguzwa kazini pamoja na wengine. Hakuwahi kulimeza hilo. Cheti chake kilining'inia kwenye chumba cha wageni cha nyumba ndogo ya tofali za kuchoma, mwendo mfupi kutoka Tosamaganga, na nilipofika pale kama bibi harusi niligundua kwamba nyumba ina vyumba vitatu na kile kizuri kuliko vyote, chenye dirisha la kioo na sakafu ya saruji, si chetu. Ni cha vifaranga. Kilinukia maranda na mafuta ya taa, na taa ya chemli iliwaka mle mchana kutwa huku sisi tukitetemeka chumba cha pili tukiwa na dirisha la mbao lisilofunga vizuri. Nilikuwa na kapu la nyuzi za kufumia sweta, zawadi ya mama mdogo. Wiki ya kwanza Festo aliliona, akaushika uzi mwekundu, akauvuta kupima kama unakatika, akaniuliza kama nina na wa kijani. Basi nyuzi za sweta zangu zikaishia kwenye miguu ya kuku. Akina mama wa jirani walipoona hivyo walinitania mpaka nikakoma: "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni! Na wewe dada wa Mbeya amekufunga ya rangi gani?"

Nikubali kuwa kazi yenyewe ilikuwa nzuri, na ilifanywa na mtu aliyejua anachofanya. Alianza kabla yangu na matetea aliowachagua mmoja mmoja vijijini, akawapandisha kwa jogoo mkubwa wa kisasa, kisha kila kizazi akawa anabakiza wachache walio bora na kuwaondoa wengine wote, bila huruma, hata yule aliyekula mkononi mwake. Alimshika kuku, akampulizia manyoya ya kifuani kuona nyama, akapitisha kidole kwenye mfupa wa kidari kuona kama umenyooka, kisha akamgeuza na kupima kwa vidole upana kati ya mifupa ya nyonga, maana kuku mtagaji ni mpana pale. Mwanzoni mwa ndoa nilikuwa na hofu kwamba na mimi atanipima. Kuku wake walifikia rangi moja, majivu mwili mzima na shingo ya njano iliyowiva, na ukiwaona wamesimama pamoja kwenye jua la asubuhi ungeapa kuwa Mungu mwenyewe aliwaumba hivyo tangu mwanzo.

Tatizo la mtu anayetengeneza mbegu ni damu. Ukiwaacha kuku wako peke yao baba atampanda binti, kaka atampanda dada, na baada ya vizazi viwili vitatu vinaanza kutoka vifaranga vyenye midomo iliyopinda. Festo alilijua hilo, na alilitatua kwa desturi ya palepale kijijini, ya kufugisha: unampa jirani kuku wako akufugie, vifaranga mnagawana. Aliwagawa kuku wake katika nyumba nne, kila nyumba na uzi wa rangi yake, na kila mwaka majogoo walihama, wa nyumba hii akaenda nyumba ile, kwa zamu, ili damu isijirudie. Uzi mwekundu ulikuwa kwa Mama Tuli, jirani wa karibu kabisa, na mumewe Baba Tuli, mtu mpole aliyetengeneza matenga ya mianzi. Jumapili baada ya ibada tulizunguka nyumba zote nne. Kila mahali tulikaribishwa kwenye vigoda jikoni, tukapewa viazi vya kuchemsha au, wakati wa mvua, ulanzi mtamu, pombe ya mianzi iliyogemwa asubuhi hiyo, na Festo akaletewa kuku wake mmoja mmoja, akawapuliza, akawapima, akasema "safi" au akanyamaza. Akinyamaza, kuku huyo ndiye mboga ya wiki hiyo. Nilimpenda sana zile Jumapili. Kurudi nyumbani aliongea njia nzima, mikono ikimfuata, na mara moja akanisimamisha katikati ya njia akasema, "Sekela, watu watakula mayai ya kuku hawa mimi nimeshaoza." Niliona ni maneno makubwa kwa mtu mwenye viatu vilivyopasuka, lakini nilifurahi.

Mabwana wa wilayani waliomwondoa kazini aliwaandama tangu kabla hajanioa, waje waone kuku wake. Mwanzoni mwa kipupwe mmoja wao alikuja, mtu mnene mwenye koti la suti, akatazama kuku, akanywa chai yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Festo, rangi nzuri hata njiwa anayo. Hili la mdondo ndilo la kuongelea. Wakusanye wote hapa kwako, bila sindano, bila matone, tuone wanapita msimu mmoja mbele ya macho yetu. Wakipita, nitakuombea nafasi kwenye shamba la serikali uwazalishe huko." Akaondoka na trei ya mayai. Festo mwenyewe aliosha kikombe alichonywea yule bwana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Alikuwa anarudi kazini. Alikuwa anarudi kuwa mtu. Sikumwona tena akiwa na furaha namna ile katika maisha yetu yote, na tuliishi pamoja miaka mingi, kule kijijini kisha hapa Mbeya.

Mwezi huohuo kulikuwa na sherehe ya kipaimara kwa Mama Tuli, ya binti yake Tuli mwenyewe, na sisi wanawake tulikuwa jikoni tangu alfajiri. Mimi kama mke mgeni nilipewa kunyonyoa kuku na kukaa kimya, kazi mbili zinazokwenda pamoja. Akina mama waliongea Kihehe mbele yangu wakijua kuwa mtu wa Mbeya hasikii. Lakini nilikuwa nimeshakaa miezi ya kutosha, na lugha hizi zetu ni ndugu, ukisikiliza kwa njaa unazipata. Mama Agnesi wa uzi wa kijani alikuwa akikatakata kabichi. Alimuuliza Mama Tuli kama yule jogoo mpya anapanda vizuri. Mama Tuli akasema anapanda, ila ana kelele kuliko marehemu. Nikaacha kunyonyoa. "Yule wa Festo alikufa siku moja na kuku zangu zote," akasema, "mdondo haukubakiza kitu. Baba Tuli alitembea mpaka Idodi kutafuta mwenye rangi ile. Siku tatu hayupo. Aliporudi tukakata uzi kwenye mguu wa marehemu, tukamfunga huyu." Mama Agnesi akasema kwake walikufa wote, matetea na jogoo, na walihangaika sana kwa ile shingo ya njano, mwisho wakampata mmoja kwa kubadilishana na mbuzi. Mama Tuli akacheka mpaka akashika mbavu. "Halafu Festo akaja akampima, akasema, huyu ameongezeka kifua!" Wakacheka wote, bila ubaya hata kidogo, wakaendelea kukata kabichi.

Nataka nieleweke hapa, kwa sababu watoto wangu nilipowasimulia walisema watu wale walikuwa waongo. Hawakuwa waongo. Msibani mwaka huu nilimuuliza Mama Tuli, sasa kwa kuwa aliyekuwa wa kufichwa amekwenda, kwa nini hawakumwambia. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Mtu amekuletea kitu yake akakuamini," akasema, "ikakufia mkononi. Sasa umpelekee nini, maneno? Unapeleka kuku." Ndivyo walivyolelewa. Kuku wa mwenzio akifia kwako humpelekei mzoga na visingizio. Unamrudishia kuku, anayefanana, na ukiweza mkubwa zaidi, na hulitaji kabisa, maana kulitaja ni kumdai shukrani. Walihangaika, walitoa mbuzi, walichubuka miguu, na kwa wema huo waliua kazi ya miaka. Na kilichomuuma Festo zaidi baadaye, akanisimulia mara moja tu, ni kwamba wale walionusurika kwa kuwa walinunuliwa mdondo ukiwa umeshapita, ndio aliowachagua kuwa wazazi, kwa sababu walionekana hawajaguswa na ugonjwa.

Nilimwambia siku ileile, tukirudi kutoka kwenye sherehe, jua bado liko juu. Sikuona sababu ya kungoja. Nilitegemea atakasirika au atacheka. Alisimama akasikiliza hadi mwisho, akauliza ni nani alisema nini, akageuza njia, akanivuta mkono. Tulirudi kwa Mama Tuli wakiwa bado wanaosha masufuria. Baba Tuli akatuletea vigoda. Festo hakukaa. "Mama Tuli," akasema, "naomba uniambie. Huyu jogoo ndiye yule niliyekuachia?" Mama Tuli akanitupia jicho mara moja, kisha akatazama chini kwa heshima. "Ndiye huyohuyo, baba." "Mdondo haukumgusa?" "Haukumgusa." Baba Tuli naye akaitikia, "Yeye kabisa, mwanangu, si unaona uzi." Tukaenda kwa Mama Agnesi, tukaenda nyumba ya tatu na ya nne, na kote alijibiwa vilevile, kwa sauti laini, huku tukikaribishwa chakula. Hakuna mtu mle angeweza kumwambia usoni kitu chake kilikufa. Njiani Festo aliiweka mikono mfukoni. Tulipofika mlangoni alisema, "Umesikia kwa masikio yako." Nikasema, "Nilisikia pia jikoni." Akasema, "Kihehe chenyewe umejifunza lini, wewe?" Akaingia kwa vifaranga vyake, akafunga mlango. Niliumia sana. Nililia, si kwa sababu hakuniamini, bali kwa sababu niliona kwenye uso wake kwamba ameniamini, na kwamba hana la kufanya na imani hiyo.

Kwa maana tazama alikuwa wapi. Kama nilisema kweli, hakuwa na kuku, hakuwa na miaka aliyofanya kazi, na bwana wa wilayani angekuja kukuta mabanda ya kuku wa gulioni waliofungwa nyuzi za mke wake. Na hata angetaka kuwatenga wa kweli na wa kununua asingeweza, kwa sababu walikuwa wamekwishapandana, damu imechanganyika, na waliokuwa wakijua yupi ni yupi walikuwa wamekula kiapo cha adabu. Njia moja tu ilibaki ya kujua, nayo ilikuwa ileile aliyopewa na mtu wa suti. Akawakusanya. Kabla kipupwe hakijaisha walikuwa wote uani kwetu, nyumba zote nne, zaidi ya kuku mia, wa rangi ya majivu, wakipiga kelele kama shule. Nilimwomba aende mjini akalete dawa ya kinga, ile ya kutunzwa kwenye barafu, hata kwa nusu yao tu. "Nusu ipi?" akaniuliza.

Majirani walipoanza kuona dalili za upepo ule mkavu wa mwisho wa mwaka walifanya kama kila mwaka, wakauza kuku wao wanaouzika na kuchinja wengine, maana mdondo huja na upepo huo. Kwetu hakuna aliyechinjwa. Tulikula mboga za maboga na maharage, tukalala tukisikiliza banda. Mama Tuli alipita kila siku, akasimama kwenye ua, akawatazama kuku wale kwa uso wa mtu anayetazama mtoto akicheza kando ya kisima, akasema, "Chinja hata watano, mwanangu, mle," akaondoka. Asubuhi moja nikakuta tetea amesimama peke yake kwenye kona, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani chini yake. Nilimwita Festo. Alimtazama, akamwinua, na shingo ya yule kuku ikageuka taratibu hadi kichwa kikatazama nyuma, kama anayetaka kuona mkia wake. Festo akamrudisha chini kwa upole. "Mmoja," akasema. "Katika mia, mmoja si kitu."

Sitaki kurefusha. Walikufa wiki nzima. Walikufa wamesimama, wamelala, wamekaa kwenye viota juu ya mayai yao. Vifaranga vya chumba kizuri vilikwisha kwa siku moja, nikazoa maranda na vifaranga pamoja kwa koleo. Festo alichimba shimo nyuma ya nyumba, akalijaza, akachimba lingine. Hakuwahi kukosea katika kazi ile hata mara moja: kila aliyekufa alimgeuza, akamtazama uzi wake, akatazama macho na koo, kama bado kuna mtu atakayemuuliza. Nilitamani alie. Nilimchukia kidogo kwa kutolia. Mimi nililia kwa ajili yetu wote wawili, nikiwa na ujauzito ambao bado nilikuwa sijamwambia mtu, na harufu ile ya manyoya mabichi ikinitapisha.

Kisha majirani walikuja kutoa pole. Walikuja hasa, kama msiba wa mtu, wanaume wakakaa nje kwenye benchi, wanawake wakaingia jikoni na unga na sukari. Hakuna aliyeongelea kuku. Waliongelea mvua zitakazokuja, na bei ya mbolea. Mama Tuli akanisogelea nikichochea moto, akanishika bega, macho yamemjaa machozi ya kweli, akanong'ona kwa Kiswahili ili niipate vizuri huruma yake: "Mwanangu, usilie. Baba Tuli anajua kule Idodi kwenye nyumba wanakopatikana wa rangi hii. Sema tu mnataka wangapi, tutawaleta, hata mumeo hataona tofauti." Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Festo alikuwa amesimama pale na ndoo mkononi, amekuja kuchota maji. Aliweka ndoo chini. Alimtazama Mama Tuli, na Mama Tuli akaziba mdomo kwa khanga. Nilingoja apige kelele. Alisema, "Asante, mama. Asanteni sana kwa yote." Akachota maji yake akatoka, na mwendo wake ulikuwa wa mtu aliyezeeka.

Alibaki kuku mmoja. Tetea wa uzi wa kijani, aliugua kama wengine, shingo ikampinda, siku kadhaa akala kwa kubahatisha, anadonoa pembeni ya punje. Lakini hakufa. Shingo ikarudi karibu yote, ikabaki na upogo kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni. Akaanza kutaga. Mimi nilishikilia kuku yule kama mtu aliyeshika mzizi ukingoni mwa mto. Ndiye aliyepita! Ndiye pekee aliyefanya kile ambacho kazi yote ilikitafuta, akiwa hana dawa, katikati ya kifo. Nilimwambia Festo, "Huyu mmoja anatosha kuanzia. Tafuta jogoo lolote, anza na huyu." Alikuwa amekaa kizingitini akichonga mpini wa jembe. "Nianzie nini?" akasema. "Simjui ni wa nani. Inawezekana ni wangu, wa kizazi cha tano. Inawezekana Mama Agnesi alimpata kwa mbuzi." Nikasema haidhuru ni wa nani, amepona. Akasema, "Kwako haidhuru." Bwana wa wilayani hakuja tena, na hakukuwa na haja ya kumwita. Habari za namna ile hazihitaji kuitiwa mtu.

Nilichoka. Nilimpa ujumbe dereva wa lori la mbao aliyekuwa akipita Mbeya, amfikishie baba yangu: njoo unichukue. Baba akaja bila taarifa, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, mzee wa Kinyakyusa mrefu mwenye mwavuli, akasimama uani akatazama mabanda matupu na binti yake aliyekonda. Festo alimpokea mzigo, akamkaribisha chumba cha wageni, chini ya kile cheti. Kisha akatoka, akapita jikoni, akachukua kisu. Nilijua mara moja. Kijijini kote hakukuwa na kuku wa kununua, waliokufa wamekufa na waliochinjwa wamechinjwa, na hapa amekaa mkwe, baba wa mke wako, amekuja mara ya kwanza kwenye nyumba yako. Utamwekea maharage? Nilimfuata hadi nyuma ya nyumba, nikamshika mkono wenye kisu. "Festo, baba atakula chochote. Nitamwambia. Huyu usimguse, nakuomba." Alinitazama kwa namna ambayo sikuitegemea, karibu kwa upole. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Niache nimkaribishe baba yako, Sekela. Hilo nalijua kulifanya." Yule kuku hakukimbia. Alikuwa amezoea kushikwa na mikono ile.

Nilimnyonyoa mwenyewe, nikampasua mwenyewe. Alikuwa katikati ya kutaga. Ndani yake kulikuwa na yai moja lenye gamba, tayari kwa kesho yake, na nyuma ya hilo lingine laini, na nyuma yake mengine ya njano tupu yasiyo na gamba, yanapungua na kupungua mpaka yakawa kama punje za ulezi, mayai ya siku zote ambazo angeishi. Niliyaweka yote kwenye mchuzi, kwa sababu ndivyo yanavyopikwa na sikujua pengine pa kuyaweka. Baba alipewa firigisi kwa heshima, akaikata, akampa Festo nusu. Halafu akayaona mayai machanga kwenye bakuli, uso ukamfunguka kama wa mtoto, maana alikuwa akiyapenda tangu zamani na nyumbani hayapatikani mara kwa mara, mtu hachinji kuku anayetaga. Alikula mawili matatu, akasita, akatazama sahani ya Festo isiyokuwa na kitu ila ugali. "Ndaga, mwanangu," akashukuru kwa Kinyakyusa. "Lakini nimewamalizia."

"Kula tu, baba," Festo akasema, akimsogezea bakuli. "Yamo mengi."